"Samaki Wamekimbilia Kilindini" na Maneno Mengine Niliyochoka Kuyasikia Dikoni

Mwezi uliopita kijana mmoja alinisimamisha dikoni, pale vyombo vinaposhushia samaki, kusini mwa Tanga, nikiwa na mizani na ubao wangu wa kupimia. Alitaka nione kamba. Bunda zima, jipya, bado lanukia duka, na pembeni yake mashine ya farasi 15 aliyoichukua kwa mkopo. "Bibi samaki," akaniambia, "mwaka huu namfuata chewa huko huko alikohamia. Maji ya juu yamekuwa ya moto, mwenzetu kashuka kwenye ubaridi. Pima 60, pima 70, tutakutana tu."

Pima 60 ni kama mita 110. Nikamtakia heri. Mkopo alikwisha kuuchukua, ningemwambia nini? Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nanung'unika peke yangu nyuma ya bodaboda. Neno hilo nimelisikia kwa manahodha, kwa wachuuzi, kwa wazee wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe, na hata kwa ofisa mwenzangu wa uvuvi ambaye shahada yake ilipaswa kumkinga. Nimelijibu kwa mdomo mpaka mdomo umechoka. Leo nalijibu kwa maandishi, pamoja na mengine yanayotembea nalo.

"Samaki hawajapungua, wameshuka kilindini"

Neno hili lina robo ya ukweli, na hiyo robo ndiyo inayowaponza watu. Zipo bahari ambako samaki wa chini wameshuka kweli. Katika Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza na Norwei, watafiti walipitia rekodi za nyavu za kuburuta za kuanzia 1980 hadi 2004, wakakuta samaki wa chini wakishuka kwa wastani wa mita 3.6 kila miaka 10. Hebu igeuze iwe pima. Ni pima mbili. Miaka kumi, pima mbili! Na hiyo ni bahari yenye sakafu pana ya mchanga na tope, inayoinama polepole, samaki akitaka kusogea anasogea.

Sasa tazama kwetu. Ukiacha Mkondo wa Zanzibar na ule wa Mafia, yaani bahari iliyo kati ya visiwa hivyo na bara, sehemu kubwa ya pwani yetu ina ukanda mwembamba wa maji mafupi, kilomita chache tu, halafu ukivuka mwamba wa nje sakafu inakatika. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Hakuna ngazi pale ya chewa kuteremkia kidato kwa kidato akibeba mwamba wake mgongoni.

Maana samaki wetu wengi wa chini hawaishi "chini" hivi hivi tu. Wanaishi penye nyumba na chakula. Tasi anakula mwani na majani ya baharini. Pono na kangaja wanakwangua mwani juu ya mawe. Vyote hivyo vinaota kwa mwanga wa jua, na mwanga unakwisha kadiri unavyozama. Kumwambia tasi ahamie pima 60 ni sawa na kumwambia mbuzi akaishi pangoni kwa sababu nje kuna jua kali: kivuli atakipata, majani hatayaona. Changu na mkundaji wanafukua mchanga kwenye malisho ya nyasi za baharini wakitafuta kaa na kombe za baharini. Chewa, nakubali, anaweza kushuka, na wapo wa jamii yake wanaoishi kwenye kina kirefu tangu zamani. Ila chewa naye ni mwindaji. Riziki yake ni visamaki vya mwambani, na visamaki hivyo vimebaki mwambani.

Kuna jambo jingine ambalo nikilisema dikoni watu hunitazama kama ninaota. Huyu tunayemwita samaki wa chini hakuanzia maisha yake chini. Mayai ya chewa na ya changu yanaelea. Yakishaanguliwa, watoto wanachukuliwa na maji kwa wiki kadhaa karibu na uso wa bahari, pale pale penye joto kali kuliko pote, ndipo wanashuka kutafuta mwamba. Utafiti uliotoka mwaka 2020, uliokusanya habari za aina 694 za samaki duniani, ulionyesha kwamba yai na samaki aliye katika kutaga ndio wanaovumilia joto kidogo kuliko wote. Kwa hiyo hata mama akikimbilia ubaridi, mtoto wake atapita kwenye chungu. Usipomwona chewa mwakani usiseme amehama. Huenda hakuzaliwa.

Halafu njaa. Mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe, unafuata maji. Maji yakipanda joto mwili unakwenda mbio zaidi, unataka hewa zaidi na chakula zaidi. Na hewa yenyewe inapungua: lita ya maji ya bahari ya nyuzi 25 inabeba takribani miligramu 6.7 za oksijeni, ikifika nyuzi 30 inabeba kama 6.2. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Si lazima maji yamchemshe samaki ndipo afe. Inatosha ashindwe kujilisha.

Anayebisha nampeleka Alaska. Kwenye Bahari ya Bering kulikuwa na kaa wa theluji, viumbe wa sakafuni kabisa, biashara ya fedha nyingi. Mwaka 2018 na 2019 maji ya huko yakapata joto lisilo la kawaida. Wapimaji waliporudi kuhesabu, kaa zaidi ya bilioni 10 hawakuonekana. Na unadhani watu walisema nini? Wamehama! Wamekwenda kaskazini, wamevukia upande wa Urusi, wameteremka kilindini ambako nyavu za wapimaji hazifiki. Yakatafutwa yote hayo. Oktoba 2022 msimu ukafungwa, mara ya kwanza katika historia ya uvuvi ule, na mwaka uliofuata matokeo ya uchunguzi yakachapishwa: kaa wale hawakuwa wamekwenda popote, walikufa kwa njaa. Maji hayakuwa ya moto kiasi cha kuwaua. Yalikuwa ya moto kiasi cha kuwaongezea njaa, nao walikuwa wengi mno sehemu moja kwa chakula kilichokuwapo.

Lakini dhana hii ina ujanja wa kujithibitisha, ndiyo maana haifi. Yule kijana akitupa mshipi wake pima 60 atapata samaki. Safari tatu nne za mwanzo atapiga na picha. Atakuja nao dikoni, wekundu, macho makubwa, atanionyesha: "Bibi samaki, si nilikwambia?" Mwanangu, huyo si mkimbizi, huyo ni mwenyeji. Si yule uliyemkosa mwambani, ni wa aina nyingine kabisa, aliyekuwa huko kabla hata babu yako hajajenga ngalawa. Samaki wa kina kirefu hukua taratibu sana, wengine huishi miongo kadhaa. Unapomvuta mkubwa mmoja unatoa akiba iliyowekwa kabla hujazaliwa, na riba yake ni ndogo. Vilindi vya namna hiyo huisha upesi, halafu unabaki na kamba ndefu, petroli ya kununua kila siku, na deni.

Nimelimaliza hilo. Ninayofuatisha ni mafupi, isipokuwa lile la 1998.

"Digrii moja ni kitu gani?"

Wewe ukitoka nyuzi 37 ukafika 38 unaitwa mgonjwa, unalala, unatafutiwa dawa. Samaki hana pa kulala. Na tumbawe likikaa kwenye maji yaliyozidi kwa nyuzi 1 joto la kawaida la mwezi wa moto kuliko yote, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, huanza kuwa jeupe. Likikaa miezi miwili, mengi hufa. Digrii moja ni kitu hicho.

"Kaskazi maji ni ya moto na samaki ni tele, basi joto lina heri"

Hii siicheki, maana aliyeitunga ana macho. Ni kweli kwamba mwezi wa tatu na wa nne maji yetu hufika nyuzi 29, hata 30, na mwezi wa nane na wa tisa hurudi kwenye 25 au karibu yake. Ni kweli pia kwamba kaskazi ndio msimu wa kitoweo. Ila hesabu imekosewa. Kaskazi bahari imelala, ngalawa inatoka kila siku, inafika miamba ya nje, maji ni meupe na mzamiaji anaona mbali. Kusi ikishika, chombo kinakaa juu ya mchanga siku tano na mwenye chombo anacheza bao. Kilichoongezeka ni siku za kuvua. Huwezi kusema joto limeleta samaki wakati ulichofanya ni kwenda baharini mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana nasumbua watu na swali lile lile kila asubuhi: mlikuwa wangapi, mmetoka saa ngapi, mmerudi saa ngapi? Wananiona mbea. Natafuta kilo kwa mtu kwa siku. Jumla ya ndoo inadanganya. Ndoo zinaweza kuongezeka huku kila mvuvi anarudi na pungufu ya jana, kwa sababu tu vyombo vimeongezeka. Kama diko lako lina daftari linaloandika jumla peke yake, ongeza safu mbili, ya watu na ya saa. Kalamu haina mkopo.

Na joto la msimu, lile la kila mwaka, samaki wanalijua, wameumbwa nalo. Linaloumiza ni lile linalozidi kilele chake: Machi iliyotakiwa kuishia 29 ikaenda 31 na ikagoma kushuka.

"Matumbawe yalikufa 1998 na bado tulivua, kwa hiyo havihusiani"

Wazee wanaosema hivi walikuwapo, mimi nilikuwa mtoto. Wanakumbuka mwamba ukigeuka mweupe kama chokaa baada ya joto la El Nino lile, kuanzia Kenya mpaka kusini huko, halafu ukavaa mwani. Na wanakumbuka kwamba mwaka uliofuata madema, mitego yetu ya kusuka, yalijaa. Hawasemi uongo. Tatizo ni kwamba wanamsubiri mgeni mlangoni, naye aliingilia dirishani.

Tumbawe likifa mifupa yake haianguki siku hiyo. Inasimama. Ni kama nyumba iliyofiwa: paa lipo, mlango upo, panya bado wana pa kujificha. Samaki wanaendelea kuishi kwenye mapango yale yale. Kisha vinakuja viumbe vinavyotoboa mawe, mawimbi ya kusi yanapiga, nanga zinakwangua, na baada ya miaka kadhaa pale palipokuwa na matawi panabaki kifusi. Hapo ndipo kifaranga cha chewa kinapotoka baharini kutafuta tundu la kujisitiri na kukuta uwanja. Mvuvi atakuja kulihisi pengo hilo baadaye sana, wakati kifaranga hicho kilipaswa kuwa na kilo zake mbili. Kufikia hapo nani ataikumbuka 1998?

Shelisheli ndiko lilikopimwa vizuri. Visiwa vyao vya ndani vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai mwaka ule. Watafiti wakafuatilia samaki na mavuno kwa miaka 20, na walichokikuta, walichokichapisha mwaka 2019, kiliwashangaza wengi: mavuno hayakuporomoka. Mahali pengine yaliongezeka, kwa sababu mwani ulitanda na walaji wa mwani, tasi na ndugu zake, wakastawi. Nalitaja hili kwa makusudi, maana wapo wenzangu wa miradi wanaowatisha wavuvi kwamba tumbawe likifa leo, kesho jiko halina moshi. Si kweli, na mvuvi akishaona si kweli hatawasikiliza tena hata wakisema la kweli. Ila soma na upande wa pili wa matokeo yale: mavuno yaliegemea aina chache, na yakawa ya kupanda na kushuka, leo furaha kesho hola. Mtu anayelipa ada ya shule kwa samaki anaijua tofauti.

Halafu kuna suala la kupumua. Baada ya 1998, pigo lililokuwa kubwa kuliko yote yaliyofuata lilitujia 2016. Miaka 18. Mwamba ulipata nafasi ya kuota tena, si wote, lakini uliota. Kisha 2024 matumbawe yakawa meupe tena, na Aprili ya mwaka huo wataalamu wakatangaza kwamba ni tukio la nne la dunia nzima. Kutoka 2016 mpaka hapo ni miaka 8. Tumbawe la meza linaweza kujaribu. Tumbawe kubwa la jiwe, linaloongeza sentimita moja hivi kwa mwaka, halina la kufanya na miaka 8.

"Kwenye maji ya moto samaki hukua haraka, basi atakuwa mkubwa"

Hukua haraka, ndiyo, akiwa mdogo. Kisha hukomaa mapema na kusimama mapema. Bahari ya Kaskazini tena, kwa kuwa wao wana rekodi za miaka 40: katika aina nane za samaki wa biashara walizozipima, sita zilipungua urefu wa mwisho huku maji yakipanda nyuzi 1 hadi 2. Joto linakupa samaki wa haraka na mfupi. Ubao wangu wa kupimia unajua.

"Sisi tuna Mkondo wa Pemba, hatuguswi"

Tim McClanahan, aliyeanza kupima miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, aliandika mwaka 2020 kwamba kipande cha kama kilomita 400 kutoka Shimoni, kusini mwa Kenya, mpaka Dar es Salaam kina maji baridi yanayopanda kutoka kwenye mikondo yenye kina kirefu, na kwamba matumbawe yake yanavumilia kuliko ya majirani. Kweli kabisa, na mimi najivuna kufanya kazi humo. Lakini ubaridi haumkingi samaki na kokoro, wavu ule wa kukokota, wala haukuyakinga mawe ya Tanga na baruti miaka yote ile. Na mwaka 2021 David Obura wa CORDIO, shirika la utafiti wa bahari lililoko Mombasa, na wenzake walitoa tathmini ya miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, kanda 11: hakuna hata moja iliyotoka bila alama ya hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Kimbilio ni mahali pa kulindwa kwanza. Watu wanalisoma kama cheti cha kutolindwa.

"Yote ni tabianchi, mvuvi hana lake"

Na ndugu yake pacha, ninayemsikia maofisini: "Yote ni uvuvi haramu, habari za joto ni visingizio." Wote wawili wanatafuta mtu wa kumtupia. Bahari haitenganishi. Mwamba uliochoka kwa joto unahitaji pono, tasi na kangaja wa kuukwangulia mwani, ili vitumbawe vidogo vipate mahali pa kushika. Ukiwa umewamaliza kwa wavu wa macho madogo, joto limekukuta umeshajivunja mguu mwenyewe. Kule Kenya, fukwe zilizoondoa nyavu za kukokota ziliona waliobaki na mishipi na madema wakirudi na zaidi, na hiyo ilikuwa ndani ya miaka hiyo hiyo ambayo bahari ilikuwa inapata joto.

Na chewa, kwa faida ya wasiojua, huanza maisha ya utu uzima akiwa jike, akikua zaidi ndipo hugeuka dume. Ukivua wakubwa peke yao umeondoa waume wa mtaa mzima. Ukivua wadogo peke yao hakuna atakayefika kuwa mume. Mwenyekiti mmoja aliponisikia nikieleza hivyo alicheka mpaka akakaa chini, lakini wiki iliyofuata alikuwa anawaeleza wengine.

Mimi ushauri wangu ni mmoja na wanaonijua wameuchoka: mwanya kwenye dema. Mwanya wima, upana wa sentimita 3 hadi 4, vidole viwili vinene. Kangaja mchanga, kitatange, tasi wa wiki kadhaa, wote wembamba hao, wanapita na kwenda zao. Mnene anabaki. Ulijaribiwa pwani ya Kenya, na samaki waliobaki walikuwa wakubwa zaidi na kipato hakikushuka, kwa sababu vile vidogo mchuuzi alikuwa anavinunua kwa bei ya kukutania. Hauhitaji mashine wala pima 60 za kamba. Msukaji aliyezoea ataniambia unalegeza kona. Suka kwanza fremu ya fito mbili kisha uiunge, haitalegea. Nimekata kibao cha kipimo hicho, kinakaa kwenye mfuko wa mizani. Ukinikuta dikoni kiombe ukasukie, ila ukirudishe, kwa kuwa viwili vya kwanza vilikwenda na wenyewe.